Nilisema Maji Hayafiki Kwetu

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na ukitaka kunicheka nicheke kabisa, maana hata mimi hujicheka nikiwa peke yangu mpaka nijikute nalia.

Mimi ni muuza mahamri huku Kisauni, bondeni, naishi na mamangu ambaye miguu haimbebi tena, na sifa yangu mtaani ni mdomo, kukiwa na la kusemwa husukumwa mbele mimi, nami husukumika upesi. Basi mwaka jana, redio ilipokuwa ikitutisha na hiyo El Nino, akaja bwana mmoja wa serikali, mtu wa bara, mpole, viatu vyang'aa, akasimama kule juu barabarani kusema na watu, nami nikafika nimechelewa, mikono imejaa unga, nikapenya hadi mbele bila kuuliza lililotangulia, nikamsikia akisema serikali italeta mfereji kwa wenye shida zaidi, kisha akanigeukia mimi, "Mama, maji inafika kwenu?"

Sasa Mshauri, wewe ni mtu wa pwani, wajua huku kwetu mfereji ni ule wa kufungulia maji ya kunywa, na lile shimo la kupitishia maji ya mvua ni mtaro, lakini yeye alikuwa na Kiswahili cha shuleni, mtaro auita mfereji. Mimi nikaona Mungu amenikumbuka, sisi wa kununua maji kwa mkokoteni, nikamjibu kwa niaba ya bonde zima kuwa hayafiki, wallahi hayajafika tangu tuhamie, tena nikamsahihisha na ngeli zake mbele za watu, watu wakacheka, nikaona nimeshinda. Jirani yetu wa juu, Elkana, karani wa bandarini, yeye ana bomba lake, naye kwa ukweli wake akasema kwao yanafika mpaka jikoni.

Nikarudi nikawaambia majirani watafute mapipa. Mimi nilinunua jipya.

Wachimbaji wakaja, wakachimba kule juu kwa Elkana, mtaro mzuri wa saruji, na unakoishia ni ukingoni mwa bonde, umelielekea paa langu. Mvua ilipokuja, yale maji niliyoyalilia miaka yote yakaingia bila hodi, pipa likaelea, nikampandisha mamangu juu ya meza ninayokandia mahamri, naye akatazama chini akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si ulisema hayafiki?"

Jerioth, mkewe Elkana, ndiye aliyemchukua mamangu akamlaza kitandani kwake mpaka mvua zikapungua. Na sasa masika inakaribia, yule bwana atarudi Jumamosi kwenye baraza la chifu kwa kuwa fungu la pesa za mitaro halijaisha, na majirani wa bondeni, wakiongozwa na Mwanarusi ambaye magodoro yake yote yalioza, wanasema Elkana alimhonga mtu wa bara mwenzake, na wamenichagua mimi nikaseme hivyo. Nikinyamaza namuua Elkana, nikisema kweli nitakuwa kichekesho mpaka kaburini, na naogopa serikali itatuambia mlikataa wenyewe iende zake. Nifanye nini? Jina langu usilitoe.

Mwenye Mdomo, Kisauni

JIBU

Mwenye Mdomo, marahaba. Nimecheka ulivyoniruhusu, nilipofika kwa mamako juu ya meza nikaacha.

Kosa lako nakupa. Ulimsahihisha mtu ngeli kabla ya kumuuliza amekuja na nini. Lakini usijitwike na lisilokuwa lako. Yule bwana alikuwa na macho. Alisimama barabarani, akaliona bonde, akaona na viatu vyake, hakushuka. Maji kuteremka bondeni kwahitaji Kiswahili gani? Mwenye bomba akapata na mtaro, na asiye na bomba akapata maji ya mtaro wa mwenzake. Wewe ulimrahisishia kazi, basi. Serikali ikiwaambia mlikataa, iambieni ilimuuliza mtu mmoja njiani ikaondoka.

Sasa inuka. Leo hii peleka mahamri kwa Jerioth, umweleze yeye na mumewe kabla ya mtu mwingine. Kisha waite Mwanarusi na wenzake uani kwako uwaambie, wakucheke, wakutukane, wamalize. Usingoje kesho. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, ila wauza mahamri wenye jirani aitwaye Elkana si wengi huko Kisauni, na gazeti hili lasomwa hata na wanaofungia vitumbua.

Jumamosi usiende peke yako. Elkana asimame kando yako aseme mwenyewe mtaro wake unamwaga wapi, maana yeye watamsikiliza, na hilo nalo ni aibu ya nchi, lakini litumieni. Dai lenu liwe moja: mtaro ushuke bondeni ufike mpaka kwenye mkono wa bahari, na fungu lililobaki lianzie kwenu, mlioloa.

Msimalize maneno barazani. Mteremsheni huyo bwana na viatu vyake hadi chumbani kwako, aione alama ya maji ukutani, aione na meza. Akiuliza tena kama maji yanafika, wewe funga huo mdomo. Safari hii mwache mamako ajibu.