Kadi Mbili zenye Jina Moja

Lushoto,
9 Mei 2004

Kaka Elisante,

Shikamoo. Naiandika salamu hii kwa sababu mama alitulea hivyo, wala usidhani moyo wangu umelainika. Natumaini u mzima huko Dar es Salaam na joto lenu halijakumaliza. Huku tupo. Baba anakohoa tangu baridi ianze, lakini bado anapanda kilima kwenda ibadani kwa miguu yake. Mimi afya ninayo. Kilichonijaa ni hasira, na nyingi ni zako.

Simu zangu hupokei. Ndiyo maana nimekaa kuandika, tena usome mpaka mwisho, usiichane katikati kama ulivyozoea kuondoka watu wakiwa bado wanaongea.

Nianze na laptopu yako. Ulipoileta mwezi wa kwanza ulinikuta studio nikiunganisha picha za arusi, ukaniambia kompyuta yangu ya mezani ni sanduku la kizamani. Tangu biashara iachiwe huru, ulisema, vitu hivi vinashushwa Kariakoo kwa makontena, na anayeng'ang'ania sanduku ni mshamba. Ukanionyesha stika. Kadi ya picha, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo, ilikuwa na jina na namba sawasawa na kadi iliyomo kwenye ya mezani. Basi ukaona umemaliza. Ukamwambia baba chumba cha studio kifungwe, apangishwe muuza mitumba, kwa kuwa kazi sasa itafanyika mapajani, popote. Hukuniuliza. Miaka sita nimekaa kwenye chumba kile, wewe ukakigawa kama unagawa ndizi. Na hiyo popote nilijua ni wapi: ni kwako, Dar. Mimi ningebaki na jembe.

Nilikuambia siku ile ile kwamba jina si nguvu. Kadi ya mezani ni pana kama sahani, ina feni yake, inakula umeme inavyotaka. Ya laptopu imebanwa ndani ya kitu chembamba kama kitabu cha nyimbo na inapewa umeme wa kupimiwa. Huko kiwandani wanaipunguza mwendo isije ikaungua, kisha wanaibandika jina lile lile. Ukacheka. Ukaniuliza, mbele ya Mama Esteria mwenyekiti wa kwaya, uhandisi nimesomea wapi. Kicheko kile sijakisahau mpaka leo.

Baba, na ualimu wake wa hesabu usiostaafu, akasema mabishano yaishe kwa mtihani. Jumamosi, sebuleni, kila mashine itengeneze video ya wimbo mmoja wa kwaya, ule waliopigia picha kwenye maporomoko ya Soni, na jina la kwaya likizunguka na kumeta juu ya maji, kazi ambayo kadi ya picha ndiyo inayoibeba. Baba alishusha saa ya ukutani akaipakata. Mama Esteria na wanakwaya wanne wakakaa kama mashahidi. Kabla hatujaanza ukasimama ukasema, "Jina moja, nguvu moja. Kama nasema uongo, baba, usiniite mwanao." Nani alikutuma kuapa?

Ya mezani ilimaliza kwa dakika thelathini na nane. Yako ilikwenda nayo sambamba dakika kama kumi, kisha picha zikaanza kukwama, ikanguruma, na baada ya saa moja na nusu ikazimika yenyewe. Mama Esteria akaguna. Baba akavua miwani, akasema kwa Kishambaa kwamba umemwaibisha mbele ya watu wa kanisa. Nawe asubuhi ukabeba begi bila kwaheri, laptopu ukaiacha pale pale mezani. Hata Pasaka hukuja.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na mbili Juni tunajengea kaburi la mama. Wewe ndiye kifungua mimba, jiwe la kwanza ni lako. Lakini juzi baba ameniita, akasema jiwe ataliweka baba mdogo Stephano, kwa sababu mtu aliyeapa uongo hataligusa kaburi la mke wake. Ameshazungumza na mchungaji. Nilikwenda kukaa jikoni, na chakula kikanishinda.

Kilinishinda kwa sababu mimi najua laptopu ilizimika kwa nini.

Unavijua vitambaa vya mama alivyokuwa akifuma. Redio ina chake, televisheni ina chake, hata pasi ina chake. Laptopu yako nayo, siku ya kwanza tu, niliitandikia kile kinene cha waridi jekundu, isichubuke. Nilifanya kwa heshima, haki ya Mungu. Lakini Ijumaa, siku moja kabla ya mtihani, fundi Mbaraka alipita kuchukua waya wake, akaona, akaniambia nikitoe. Alisema matundu ya hewa yapo chini, kitambaa kinayaziba, na kadi ikipata moto inajipunguza mwendo mpaka mashine inazima. Nikamwitikia. Sikukitoa. Jumamosi asubuhi, kabla hamjaja sebuleni, nilikikunja mara mbili nikairudisha laptopu juu yake.

Ulipoondoka niliipima tena peke yangu, bila kitambaa. Dakika hamsini na moja. Haikukwama wala haikuzima. Kwa hiyo ya mezani bado ni mkubwa wake, na wewe ulikosea, hilo silifuti hata ukinililia. Lakini ulikosea kwa dakika kumi na tatu tu. Aibu yote iliyobaki niliitengeneza mimi kwa mikono yangu, kwa uzi wa mama.

Msamaha sikuombi leo, maana bado nina hasira na kicheko chako, na chumba changu sikitoi. Kumwambia baba nimejaribu mara tatu na mara tatu nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Kitambaa nimekitia humu kwenye bahasha. Kigeuze, utaona uzi ulivyobadilika rangi kwa moto, mstari kwa mstari. Matundu ya laptopu yako yamepangwa hivyo hivyo, na laptopu ipo hapa. Baba atavilinganisha mwenyewe, hiyo ndiyo kazi anayoiweza. Njoo kabla ya tarehe kumi na mbili. Kitandike mezani mbele yake, umsomee barua hii yote, nami nitakuwa nimekaa hapo hapo.

Nisalimie wifi Marta na watoto, uwaambie shangazi yao hajambo. Baba hakusalimii kwa sababu hajui kama nakuandikia. Ukitaka kucheka tena, cheka siku hiyo, ila uliweke jiwe kwanza.

Ni mimi mdogo wako, na bado nimekununia,

Loyce