Mke Wangu Ananipokea Kama Mgeni wa Hoteli

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usinicheke. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, mke wangu anasoma utalii, upande wa mapokezi, na tangu mwalimu wao awaambie kwamba Kiingereza hakikai kichwani mpaka kitumike, nyumba yetu imegeuka hoteli, yaani narudi nimechoka nakuta meza mlangoni, kompyuta ya kuazima juu yake, ananikaribisha kwa Kiingereza, ananitafutia chumba kwenye programu ya chuo, na kazi yangu ni kuwa mgeni mkorofi, nalalamika maji ya baridi, nalalamika kelele, naye ananijibu taratibu huku vidole vinakimbia kwenye kibodi bila kuvitazama, na mama yangu, ambaye Kiingereza hajui hata salamu, naye anagonga meza anamtaka meneja! Mwanzoni mke wangu alikuwa anakwama kila neno, leo anaongea mpaka nasahau chakula, najivunia jamani, kwa nini nikufiche. Sasa hoteli moja ya mbali imemwita kwenye usaili wa video Alhamisi, akipita atakaa huko miezi kadhaa, na simu yenye kamera nzuri ni yangu. Naogopa akizoea watu wa maana ataniona si kitu. Nikimwambia simu imeharibika, nitakuwa nimekosea?

Mgeni Mkorofi

Ndugu Mkorofi, pole, na ushike adabu yako. Umemsifu mkeo barua nzima, halafu unaniomba ruhusa ya kumnyima simu? Kompyuta kafundishwa chuoni, sawa. Lakini kumjibu mtu aliyekunja uso bila kukosa maneno kajifunzia kwako, jioni baada ya jioni, nawe una njaa. Waume wangapi wanafanya hivyo? Nakuvulia kofia. Mkeo namvulia mbili.

Sasa sikiliza. Usidanganye, maana kesho atakukuta unaongea na wateja kwa simu hiyohiyo, utamwambia nini? Jumatano acha habari za maji na kelele. Kaa naye, mwambie kwa Kiswahili chako cha kila siku kwamba unaogopa. Hilo ndilo lalamiko pekee la kweli, na hujawahi kumpa. Kisha mpange lini mtapigiana simu na lini utakwenda kumwona.

Alhamisi jaza chaji, nunua bando la kutosha, zima mashine ya kuchomelea uwahi nyumbani, na mama apelekwe kwa jirani kabla hajadai meneja. Wewe baki nyuma ya kamera, pale atakapokuona, kwa sababu Kiingereza chake chote kizuri amekiongea akikutazama wewe.