Nani anawapandisha juu?

Dada Halima, shikamoo. Goti linasemaje huko Mtae, bado unashuka mwenyewe mtoni kuchota maji? Mimi nipo Lushoto kwa binti yangu Zaina, ndiye anayeandika, mimi nasema tu. Baridi ni ile ile, ila chai wanatia tangawizi mpaka koo linawaka.

Jana kwenye tivii watu walikuwa wanashindana kushuka mlima wa theluji, mbao miguuni. Mmoja katoka nchi ya joto kama yetu, kawa wa mwisho. Mume wa Zaina akacheka, "Theluji yenyewe kaijulia wapi?"

Nikamuuliza, wakishafika chini nani anawapandisha juu? Maana kushuka hata sisi tunajua, masika si tunateleza na kapu la kabichi mpaka barabarani.

"Mama, kuna viti vinaning'inia kwenye kamba. Wanakaa, vinawapandisha."

Basi nikaelewa. Wenzetu wanashuka kutwa, sisi tukishuka mara moja, siku nzima ni kupanda. Yule wa mwisho wala simcheki.

Medali wachukue tu. Mimi, dada, nakutakia kile kiti, kikutoe mtoni kikushushe mlangoni kwako, ndoo umeipakata.

Mdogo wako, Mama Zaina