Ndama Ng'ambo ya Mto

Kibet mjukuu wangu,

Chamgei, hujambo huko Mombasa? Sisi wa Roret tuko salama na mvua haijatuacha, kwa hivyo majani chai ni mengi. Mkeo amejifungua vizuri pale Kapkatet, mtoto msichana. Tumemwita Cherotich, maana alikuja saa ng'ombe wanarudi nyumbani.

Barua yako nimesomewa. Unasema hiyo meli mpya ya jeshi inabeba malori na askari, inasogea karibu na nchi kavu, inafungua mlango wa mbele, na lori lako ndilo litashuka majini kwanza. Unauliza kama ni aibu kuogopa.

Nikiwa msichana tulihama na ng'ombe, tukakuta mto Kipsonoi umefura. Wanaume walimsukuma fahali mkubwa, akaingia hadi magotini, akarudi. Fimbo hazikusaidia. Basi baba akabeba ndama mabegani, akavuka naye akishika kamba iliyoshikwa na wanaume ukingoni, akamwacha ng'ambo. Ndama akalia. Mama yake, ng'ombe aliyekonda, alitetemeka mwili mzima, kisha akaingia. Wengine wakamfuata, hata yule fahali.

Kwa hivyo ogopa tu, Kibet. Cherotich ana sauti kubwa. Nafikiri utaisikia hata huko.

Ni mimi nyanya yako, mama wa baba yako.