Nimemwahidi Mama Sitaigusa Kompyuta, Nimemwahidi Mama Mdogo Nitaibadilisha

Mpendwa mshauri,

Kabla sijaomba msaada wako nakuomba usicheke, au ukicheka ucheke taratibu, kwa sababu mimi ni mtu wa aibu na mama yangu husoma ukurasa wako kwa sauti kila Jumatano jioni huku anapiga pasi, na akiitambua barua hii nitaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa na sitatoka mpaka nimalize shule.

Mama ni fundi wa kutarizi. Hutarizi nembo za sare za shule, na pembeni ya mashine yake kuna kompyuta iliyonunuliwa pamoja nayo nikiwa na miaka minne, picha zote za nembo zimo humo, na programu inayozituma kwenye mashine imo humo humo. Tunaiita Mzee, maana ukiibonyeza asubuhi unaweza kufagia chumba kizima na kutia mashine mafuta kabla haijaamka, kwa hiyo anayeibonyeza husema, "Shikamoo, Mzee," tunaendelea na kazi, na ule mlio wa kuwaka ukisikika wote watatu, mama, mama mdogo na mimi, tunaitikia kwa niaba yake, "Marahabaa!" na siku inaanza kwa kicheko. Nyumba yetu ni ya furaha, mshauri, ndiyo maana naogopa kuiharibu.

Tangu mwezi uliopita Mzee anatoa ujumbe kwamba mfumo endeshi wake umepitwa na wakati na hautapata tena masasisho ya usalama. Mama huufunga na kusema, "Hata mimi nimepitwa na wakati, mbona nafanya kazi?" Lakini mdogo wake, mama mdogo wangu, tunayeishi naye na ambaye hukaa mapokezi kwenye zahanati, anasomea ufundi wa maabara kwa njia ya intaneti, na tovuti ya chuo chake imemkataa Mzee kabisa, na mtihani ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, na kwa simu haufanyiki.

"Dada, hiki kizee chako kitanifelisha," alisema.

"Wewe kinakufelisha, mimi kinanilisha," mama akamjibu bila kuinua macho. "Na wali uliokula jana nani aliutarizi?"

"Basi tumwulize Profesa!"

Profesa ni mimi. Waliniita hivyo kwa sababu nasoma kila kitu, mpaka vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, na ni kweli nimesoma mengi kuhusu mifumo endeshi, ila sijawahi kubadilisha hata mmoja, na hilo hawalijui. Siku hiyo hiyo mama alinikuta jikoni akaniuliza, "Hutaigusa, sivyo?" nikasema, "Sitaigusa, mama," kisha mama mdogo akanikuta kwenye kamba ya nguo, "Jumamosi dada akipeleka mzigo utanibadilishia, eti?" nikasema, "Ndiyo, mama mdogo," na kati ya ahadi ya kwanza na ya pili hata nguo hazikuwa zimekauka.

Sasa sikia kilichonikosesha raha. Nilisoma kwamba kabla ya kubadilisha mfumo uwe na sidii ya kila programu, ili ikifutika uirudishe, basi nikaitafuta sidii ya programu ya kutarizi kwenye droo, kwenye kopo la vifungo, mpaka ndani ya mto wa kiti, nisiione. Jana nikaiona. Ilikuwa mkononi mwa mama. Alikuwa ameilaza juu ya kitambaa cha bluu anaizungushia chaki, kwa sababu nembo ni za duara na hiyo sidii, alisema, "ina kipimo kizuri kuliko sahani yoyote, hata mkasi unaifuata." Miaka kumi na mmoja, mshauri! Ina mikwaruzo kama ubao wa kukatia vitunguu. Alipotoka niliiingiza kwa Mzee, akanguruma weee, kisha akaitema.

Kwa hiyo nikibadilisha mfumo na programu ikapotea, mama hana njia ya kuirudisha na kazi yake imekwisha, na nisipobadilisha, mama mdogo anakosa mtihani. Wote wawili wananitabasamia. Nifanye nini?

Na kuna dogo jingine naona aibu kulisema. Mfumo mpya eti huwaka haraka sana. Sasa asubuhi tutamwamkia nani?

Ni mimi,
Profesa wa Kujifanya


MSHAURI ANAJIBU

Profesa,

Nimecheka, lakini taratibu kama ulivyoomba.

Nianze na la kukugombeza ili tulimalize. Umesema ndiyo mara mbili kwa watu wawili wanaopikiwa chungu kimoja. Ulidhani Jumamosi itapotea njia isifike? Huo si upole, mwanangu, ni kukwepa. Mtu mwenye aibu anaruhusiwa kusema "sijui bado," ni maneno mawili tu na hayaumi.

Sasa nikupongeze. Watu wazima wengi hubonyeza kwanza ndipo wakatafuta sidii. Wewe ulitafuta kwanza. Hapo umekuwa profesa kweli, futa hilo "wa kujifanya."

Nilimpelekea barua yako fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, bwana anayetumia maneno kumi kwa siku, na leo ametumia yote kwako: "Usiguse diski ya zamani. Weka nyingine. Jaribu humo kwanza. Basi." Nikufafanulie, maana yeye ameshanyamaza mpaka kesho. Tumboni mwa kompyuta kuna diski iliyobeba mfumo, programu na picha zote za mama. Hiyo ichomolewe nzima nzima, ifungwe kwenye kitambaa safi, iwekwe juu ya kabati. Mahali pake iingie diski nyingine yenye mfumo mpya, kama mashine yenyewe ina nguvu ya kuubeba. Fundi wa mtaani atakuambia kwa kuitazama. Ikikubali, vizuri. Ikikataa, mnarudisha ya zamani na Mzee hatajua hata kwamba alilala. Na kabla ya kuchomoa chochote, nakili picha za nembo kwenye flashi mbili, moja ikae mbali na nyumbani.

Programu yenyewe iombeni upya kwa waliowauzia mashine ya kutarizi. Namba ya utambulisho iko kwenye kibati kilicho ubavuni au chini yake. Ikishindikana kabisa, Mzee abaki na mfumo wake, atarizi tu, atolewe kwenye intaneti asikoweza kujilinda, na mama mdogo ajitafutie kompyuta nyingine.

Na huo mtihani unaowakimbiza? Mama mdogo anakaa mapokezi ya zahanati. Nina hakika mbele yake kuna kompyuta! Amwombe mkuu wake aitumie siku hiyo moja. Nyumba nzima imebabaika na hakuna aliyefikiria hilo, hata wewe msoma vikaratasi vya dawa. Kompyuta inayolisha nyumba haibadilishwi kwa haraka ya mtihani wa mtu. Jumamosi hii usiguse kitu.

Lililobaki ni kusema, na hilo siwezi kukusemea. Gazeti hili linaingia kwenu asubuhi na mama anapiga pasi jioni. Muda wako ni huo. Waite wote wawili chumba cha cherehani, uishike hiyo sidii mkononi, useme ahadi zote mbili kwa pumzi moja. Watakusuta, watakutania mwaka mzima, na nadhani mama atacheka kuliko wote akijua alichokuwa anakizungushia chaki. Kisha mkatie duara la bati au kadibodi ngumu, kipimo kile kile, sidii nayo ipumzike.

Mama, kama umefika hapa na pasi mkononi, iweke pembeni kwanza isije ikaunguza sare ya watu. Mtoto wako ana akili. Mwache tu atoke chini ya meza.

Na hilo dogo la mwisho, Profesa, ndilo rahisi kuliko yote. Mfumo mpya ni kijana. Tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo? Siku ukiwaka, kaeni kimya wote watatu, ngojeni ule mlio wake. Ndiyo shikamoo yake hiyo. Kisha itikieni kwa nguvu, majirani wasikie.