Migomba ya Kuficha Msalaba

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Chokaa tena. Macho yanawasha. Ukuta wa mbele nimeupaka mikono mitatu, kuta nyingine hata maji hazijaona. Festo kasema, "Paka panapoonekana tu." Yuko likizo kutoka Dar. Anataka kuuza nyumba hii ya Mjimwema apate mtaji wa duka la spea. Siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara. Mnunuzi wake, tajiri mmoja, yuko Dar, hana nafasi ya kuja Songea, anataka kuona picha kwanza.

Mama Skola, mama yake Festo, anaishi humu na hajui. Kaambiwa picha ni za kuwaonyesha wajukuu. Mimi najua kwa sababu mbele ya kibarua watu huongea kama mbele ya mbuzi.

Jumatano, 7 Septemba

Mpigapicha alikuja kuangalia mahali pa kusimama. Kutoka barabarani nyumba inapendeza, ila kaburi la baba yake Festo liko chini ya dirisha, na msalaba wake wa saruji. Upande wa pili kuna choo kilichoanguka. Hakuna pa kukimbilia.

Festo akasema, "Nani atanunua nyumba pamoja na marehemu?"

Nikatumwa bondeni kukata migomba. Si kung'oa na mizizi. Kukata. Nikaichomeka kuzunguka msalaba mpaka ukapotea. Kazi safi. Kazi chafu.

Mama Skola akatoka. "Mmempandia mume wangu shamba?"

"Mapambo hayo, mama," Festo akamjibu.

"Huyu hata ndizi alikuwa hali."

Nilicheka. Baadaye nikajichukia.

Alhamisi, 8 Septemba

Mpigapicha hakuja. Filamu ya rangi anaingojea kwa basi. Jua kali.

Ijumaa, 9 Septemba

Kaja saa nne. Migomba imenyauka, majani yananing'inia kama matambara. Mtu anayejua migomba angejua. Festo miaka yote yuko Dar. Alikuwa anafukuza kuku na kupanga barazani viti alivyoazima kwa jirani. Viti vya watu, migomba ya bondeni, chokaa ya upande mmoja. Nilitaka kutema mate.

Mama Skola kasimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani, wima kabisa, kwa ajili ya wajukuu.

Mpigapicha, jicho kwenye kamera: "We kibarua, migomba imekaa sawa?"

Mkono mmoja wa msalaba ulikuwa nje.

Nikasema imekaa sawa.

Kaburi la baba yangu sijaliona. Nilikuja huku kwa tumbaku ya Namtumbo, barua ya msiba ikanifikia baada ya mwezi. Singida mbali. Sijui kama wameweka hata jiwe.

Alhamisi, 22 Septemba

Festo alikwenda Dar na filamu, leo karudi na picha. Tajiri kaona msalaba mara moja. Kauliza nani kalala pale, kisha kakataa. Festo kanitupia picha usoni. "Umeniua, we mbwa! Nyumba ingekuwa imeshauzwa!"

Alipiga kelele mno. Mama Skola alikuwa jikoni. Akaja, akaokota picha moja moja, akazipangusa vumbi kwa kanga.

"Nyumba gani, Festo?"

Mwanamume mzima, tai shingoni, anaangalia viatu vyake. Sijawahi kuona kitu kibaya kama uso ule.

Jumapili, 25 Septemba

Festo kaondoka jana na basi la alfajiri. Hakuaga. Nami nimeambiwa nisubiri, mama atanitafutia kibarua kwa jirani.

Migomba nimeitoa. Ilishaanza kuoza, inanuka. Nimefagia.

Mama Skola katoka misani, kanionyesha picha aliyoiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Yeye mlangoni, mkono wa msalaba pembeni yake. Hawajawahi kupigwa picha pamoja, kasema.

Nimemwandikia mdogo wangu Singida. Atafute mpigapicha, wapige kaburi la baba. Nimemwambia asifyeke hata nyasi.