Saa Nane Niliyomwandikia Mama

Gitega, Alhamisi. Mvua imekatika mchana huu na nguo za mtoto zimerudi kwenye kamba. Mimi bado moyo ni mzito, tena mzito wa aibu.

Niseme tu. Mama yangu alikosa akika ya binti yangu Salma kwa sababu yangu, halafu nikamfanya aamini kosa ni lake.

Mama anaishi Muyinga na haoni. Anasuka mikeka kwa vidole, na simu niliyompa anaitumia kwa vidole vilevile: anapapasa kioo, sauti inamsomea kwa Kiswahili yaliyoandikwa. Tangu aizoee haombi tena mtu amsomee kitu, na anaringa kweli. Ratiba ya magari ya kuja Gitega iko kwenye tovuti niliyoitengeneza mimi, kwa hiyo hakuniuliza chochote. Alijisikilizia mwenyewe.

Gari lilikuwa la saa mbili asubuhi. Siku hiyo tulimngoja mpaka adhuhuri, nikiamini yuko njiani. Shehe alikuwa na safari, wageni wana njaa. Basi Salma akanyolewa nywele zake za kwanza akiwa amepakatwa na shangazi, badala ya bibi yake.

Nilipompigia alikuwa ndiyo kwanza amesimama kituoni Muyinga, kavaa kitenge kipya, mkeka wa mtoto begani, anauliza gari la saa nane. Nikamtania mbele ya wageni kwamba uzee umeanza kumchanganyia saa. Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Hakubisha hata kidogo.

Juzi dada yangu Zaina, anayekaa naye, akanipa habari. Simu Mama kaiweka sandukuni. Asubuhi anauliza leo ni siku gani, anajibiwa, baada ya muda anauliza tena, eti ahakikishe. Hata chungu hataki kukiinjika peke yake, anasema kichwa chake hakiaminiki.

Nilishtuka. Huyu ni mtu anayekumbuka kila mtoto wa mtaa wetu alizaliwa mwezi gani.

Jana, nikiikumbuka ile saa nane aliyoiuliza kituoni, nikafumba macho, nikawasha ile sauti, nikaisikiliza tovuti yangu. Nilikuwa nimeandika 08:00, kama wanavyoandika ofisini. Ikasoma: saa nane kamili. Na saa nane yetu sisi ni baada ya adhuhuri, mtoto mdogo anajua. Muda wa safari nilikuwa nimeandika 2h30, ikasema "mbili hachi thelathini". Tarehe ikawa "sifuri tatu mkwaju sifuri saba". Mimi niliyeiandika sikuambulia kitu.

Mama alikuwa amefika kituoni nusu saa kabla ya saa nane aliyosomewa, kama kawaida yake.

Leo asubuhi nimebadilisha kila kitu kuwa maneno: saa mbili asubuhi, masaa mawili na nusu njiani, tarehe na jina la mwezi wake. Nikasikiliza tena, macho nimefumba, mpaka nikaridhika. Kisha nikampigia Zaina, akampa Mama simu. Nikaeleza yote, na ule mzaha wangu pia.

"Kumbe kichwa yangu iko sawa," akasema taratibu.

"Iko sawa, Mama. Mi ndiye nilikosea. Unisamehe."

"Wiki mbili nalala na woga, mwanangu. Nilizani naanza kupotea."

Nililia. Sioni haya kuliandika hilo.

Nikasema nitaenda kumchukua mwenyewe. Akakataa katakata. Kasema atakuja Jumamosi, na saa ya gari ataisikiliza yeye, mimi nikae na mtoto wangu.

Najiuliza ni wangapi wengine waliosimama kituoni saa nane, wakarudi nyumbani wakiilaumu akili yao.

Jumamosi saa nne na nusu nitakuwa nimesimama pale anaposhukia, Salma mikononi. Mama ampokee mjukuu wake kwanza. Mimi nitangoja zamu yangu.